Kiti cha Dereva

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Jumanne, gari la Osea lilikuwa la kwanza kwenye zamu ya stendi ya Vwawa na halikuwa na abiria hata mmoja. Gari la nyuma yake lilikuwa limejaa, na la tatu lilikuwa linajaa. Watu waliokuwa wanakwenda Tunduma walilizunguka la kwanza kwa upande wa mtaro, wakikanyaga tope, ili wasiliguse.

Kwenye usukani alikaa Rubeni, mtoto wa kwanza wa Osea, kijana wa miaka ishirini na sita. Alikuwa amezima injini na kushusha kioo. Mpiga debe wa zamu, Mbonile, alisimama kando ya mlango. Alikuwa ameita mpaka sauti imekwaruza.

"Tunduma, Tunduma, viti vipo!" aliita tena, kisha akainama dirishani. "Kaka, leo hata nikisema ni bure hawapandi. Wamesikia redio."

Redio ilikuwa imetangaza Jumamosi. Kampuni iliyotengeneza magari ya aina ile, ya viti saba, ilikuwa inayaita yarudi kwa mawakala wake popote yalipo duniani. Kosa lilikuwa kwenye mfuko wa hewa, ule unaokaa ndani ya usukani na kufumuka gari linapogonga. Kasha la chuma linaloujaza mfuko huo huchakaa kwa joto na unyevu, na siku ya kufumuka hupasuka lenyewe na kurusha vipande vya chuma. Watu walikuwa wameshakufa katika nchi kadhaa. Mtangazaji alisoma taarifa hiyo kwa sauti ile ile aliyosomea matokeo ya mpira, akaingia kwenye tangazo la mbegu za mahindi.

Kufikia Jumapili jioni gari hilo lilikuwa limepata jina. Stendi zote za njia ya Tunduma zililiita "bomu".

"Abiria wa mbinguni, huku!" kijana wa gari la tatu alipiga kelele. "Mbinguni moja kwa moja, hatushushi njiani!"

Watu walicheka. Rubeni naye alicheka kidogo, kwa sababu kutocheka kungezidisha.

Mama mmoja mwenye ndoo ya parachichi alisogea, akasimama hatua chache kutoka dirishani. "Mwanangu, ni kweli linalipuka?"

"Mpaka ligonge, mama. Na mimi sina mpango wa kugonga."

"Nani huwa na mpango?"

Mzee mmoja mwenye koti, aliyekuwa anasoma simu yake tangu alipofika, aliinua kichwa. "Hapa wameandika ni upande wa dereva tu. Wa abiria hauna tatizo."

"Soma tena, mzee wangu," Mbonile alisema. "Kwa sauti."

Mzee akasoma tena kwa sauti. Mbonile aligeuka, akapiga bodi ya gari kwa kiganja. "Jamani! Ni la dereva tu! Abiria hamna shida! Bomu ni la dereva peke yake!"

Gari lilijaa kabla hajarudia. Mzee mwenye koti alichukua kiti cha mbele. Mama wa parachichi alikaa nyuma ya Rubeni, akaweka ndoo mapajani, akamgonga kijana begani.

"Kumbe ni la kwako. Si mngesema mapema, tumekaa pale tunachelewa bure. Haya, kanyaga mafuta, mwanangu, Wazambia wangu hawasubiri."

*

Osea alifurahi kusikia kuwa gari limefanya safari zote. Alikuwa amekaa sebuleni na mkewe, Ruti, na Rubeni alikuwa ananawa mikono. Ugali ulikuwa mezani, na maharage.

"Nilisema," Osea alisema. "Maneno ya redio hayamalizi wiki. Watu wana shida zao, wanataka kufika."

"Sokoni wanacheka," Ruti alisema. "Wameniuliza kama nimeshashona nguo nyeusi."

"Nani kauliza?"

"Yeyote. Wote." Alimpakulia Rubeni, kisha akaweka mwiko chini. "Baba Rubeni, kesho hataendesha."

"Nani?"

"Mtoto wangu."

"Abiria wamerudi, mama Rubeni."

"Wamerudi kwa sababu si wao."

Osea alimtazama Rubeni, akitegemea kijana aseme kitu cha kiume, kwamba yeye haogopi. Rubeni alikuwa anatazama ugali. Alikuwa ameendesha siku nzima akiwa ameegemea nyuma, na mgongo ulikuwa unamuuma.

"Mimi naogopa, baba," alisema.

Shamba la chini la kahawa lilikuwa limeuzwa ili gari hilo linunuliwe. Hakuna aliyelitaja, lakini wote watatu walikula wakiwa wanalifikiria. Ada ya binti yao mdogo, aliyekuwa shule ya bweni, ilikuwa inatoka kwenye gari hilo, na umeme wa taa iliyokuwa inawaka juu yao ulikuwa unatoka humo humo.

Asubuhi Osea alipiga simu kwa wakala wa kampuni, Dar es Salaam. Aliiweka simu mezani na kufungua spika ili mkewe asikie kwamba amefanya jambo. Walisikiliza muziki muda mrefu. Kisha ikaja sauti ya msichana, safi, isiyo na haraka.

"Karibu, nikusaidie nini?"

Osea alieleza. Alitaja aina ya gari, mwaka wake, na kwamba yuko Vwawa, mkoa wa Songwe.

"Gari ulilinunua kwetu, mzee?"

"Lilitoka Japani. Kijana mmoja alinichukulia bandarini hapo hapo kwenu, Dar."

"Kwa hiyo hukulinunua kwetu."

"Lakini mmelitengeneza ninyi."

"Sisi ni wakala, mzee. Vifaa havijafika. Vikifika tutaanza na wateja wetu, halafu tutaangalia na wengine. Nitaandika namba yako. Kwa sasa kampuni inashauri usiliendeshe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka upigiwe."

"Na nikipigiwa nalileta vipi Dar, kama siruhusiwi kuliendesha?"

Sauti za watu wengine wakijibu simu nyingine zilisikika nyuma ya msichana.

"Kuna kitu kingine nikusaidie, mzee?"

"Hapana, mwanangu. Asante sana. Mungu akubariki."

Simu ilikatika. Ruti aliitazama pale mezani.

"Umemshukuru," alisema.

*

Siku hiyo hiyo Osea aliamua kulipeleka gari Chapwa, mtaa wa Tunduma, kwenye gereji ya Ishaka, fundi aliyekuwa analitengeneza tangu liliponunuliwa. Mfuko wa hewa ni kitu kinachotoka, alisema. Magari mangapi yanatembea bila huo mfuko? Ungetolewa, ungetupwa, na mambo yangekwisha. Rubeni alikubali kwenda, lakini kwenye kiti cha abiria. Kwa hiyo Osea mwenyewe ndiye aliyeingia nyuma ya usukani.

Alikaa kidogo bila kuwasha. Kisha akashuka, akarudi ndani ya nyumba, akatoka na mto wa kochi uliovalishwa kitambaa cheupe cha kufuma. Aliuweka kati ya kifua chake na usukani, akavuta mkanda juu yake. Ruti alimwona kutoka mlango wa jikoni. Rubeni alimwona kutoka pembeni. Osea aliendesha mpaka Tunduma kwa mwendo wa baiskeli, malori yakimpigia honi na kumpita.

Ishaka alikuwa amekaa kwenye tairi mbele ya gereji yake. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Aliuinua kabla Osea hajashuka.

"Mzee, kama ni kwa ajili ya usukani, geuza hapo hapo."

"Umepatwa na nini?"

"Nimepatwa na hilo hilo unaloniletea. Juzi kaleta mtu la kwake, kama lako, akasema nimtolee. Nikachomoa betri, nikashika bisibisi. Sikusubiri umeme uliobaki uishe. Nilikuwa na haraka, alikuwa ananisimamia kichwani." Aliutazama mkono. "Vidole viwili havipo. Daktari anasema jicho limepona kwa bahati."

"Na mwenye gari?"

"Alikuja jana hospitali. Nikadhani kaja kunipa pole. Akaniuliza kifuniko cha usukani nimekiweka wapi."

Rubeni aliguna. Ishaka hakuonyesha kukasirika. Alisema mafundi wote wa mtaa ule walikuwa wameshapita kuutazama mkono, na kwamba hakuna atakayeligusa gari la aina hiyo, kwa bei yoyote. Ikiwa Osea haamini, azunguke aulize. Osea alizunguka akauliza. Fundi wa mwisho alimwambia alisogeze gari mbali na banda lake.

Aliporudi alimkuta Idrisa, dalali wa magari, amekaa kwenye benchi la gereji na kikombe cha chai. Idrisa alikuwa mtu wa kufahamika mpakani, mwenye kofia safi na simu tatu. Alikuwa ameshapata habari yote kutoka kwa Rubeni.

"Mzee Osea, kwani nani kakuambia lazima ulitengeneze?" alisema. "Liuze."

"Nani ananunua bomu?"

"Zambia hapana. Kule wanaingiza namba ya chasisi kwenye simu kabla hata hawajauliza bei. Lakini nina mtu wangu Ndalambo, mfanyabiashara wa ufuta, Anyosisye. Anatafuta gari la kubeba abiria kuja Tunduma. Nikimpigia sasa hivi, Ijumaa anakuletea hela."

"Anajua habari zake?"

Idrisa alikunywa chai. "Hajaniuliza. Na wewe usimjibu ambacho hajauliza."

"Idrisa," Ishaka alisema kutoka kwenye tairi, "huko ni kuua mtu."

"Wewe ongea na mkono wako," Idrisa alisema, akapiga simu.

Bei aliyorudi nayo ilikuwa chini sana ya ile aliyonunulia Osea, chini kuliko uchakavu wa gari ulivyostahili. Osea alishangaa kwamba mtu asiyejua ubovu wowote anakata kiasi hicho. Hakuuliza. Alihesabu kwamba ingetosha ada na kubaki kitu cha kuanzia, akampa Idrisa mkono. Walipokuwa wanaondoka, Ishaka hakumuaga.

*

Ijumaa hela zilifika kupitia kwa Idrisa, lakini Anyosisye hakulichukua gari. Alituma salamu kwamba ataendelea na utaratibu wa kwao, na kwamba anawakaribisha muuzaji na mkewe Jumapili, baada ya ibada.

Utaratibu huo Osea aliujua, maana hata kwao wapo wanaoufuata. Gari linapobadili mikono, muuzaji hulipeleka mwenyewe mpaka mlangoni mwa kanisa la mnunuzi. Mchungaji humuuliza mbele ya watu kama lina neno. Maana yake ni ubovu uliofichwa, deni, au kinyongo kilichobaki nyuma. Muuzaji hujibu, "Halina neno." Ndipo ufunguo unapokabidhiwa, sala inasomwa, na watu wanakula. Gari lililochukuliwa bila hivyo, likipata ajali, watu hulitaja jina la aliyeliuza.

"Na ukiulizwa utajibu nini?" Ruti alimuuliza. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Nitajibu kama wanavyojibu wote."

"Yaani?"

"Mama Rubeni, unajua."

"Nataka nikusikie."

"Kwamba halina neno." Osea alikaa. "Nani ataliendesha mimi sijui. Pengine halitagonga hata siku moja. Mangapi yanatembea mpaka yanaoza?"

"Mtoto wangu ameshushwa, wa mwenzangu apandishwe."

"Ni wewe uliyesema ashuke!"

"Ndiyo, ni mimi." Alitoa jiwe, akalitupa uani. "Sikusema apandishwe mwingine."

"Basi tulifungie hapo uani, tuwe tunalitazama. Shamba halipo. Kahawa iliyobaki unaijua. Yule mtoto utamrudisha nyumbani katikati ya muhula, umwambie nini? Kwamba mama yako alikuwa na huruma na watu wa Ndalambo?"

Ruti alikuwa amelifikiria hilo la mtoto kabla yake, na lilikuwa limemfunga mdomo tangu Jumatano. Hela za Anyosisye zilikuwa chumbani, ndani ya begi la nguo, na yeye ndiye aliyezificha.

"Nitakuja," alisema. "Utaratibu unasema na mke."

*

Jumapili Osea aliendesha, Ruti akakaa nyuma. Mto wa kochi ulikuwa mahali pake, kifuani. Walipita Tunduma, wakashika barabara ya Sumbawanga, na mahali fulani ng'ombe walivuka ghafla, Osea akakanyaga breki. Aliukumbatia mto kwa mkono mmoja. Gari lilisimama. Ruti aliona jasho shingoni mwake, nyuma ya kola ya shati jeupe.

Karibu na kanisa la Ndalambo Osea alisimamisha gari pembeni, akautoa mto, akausukumia chini ya kiti.

"Mbona unautoa?" Ruti aliuliza.

"Watu watauliza."

Kanisa lilikuwa limetoka. Watu walikuwa wamesimama uwanjani, wanawake wakiwa na sufuria za wali na nyama upande wa kivuli. Gari lilipoingia walipiga vigelegele. Anyosisye, mtu mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye suti ya kijivu, alikuja mbele na kumshika Osea mikono yote miwili. Alimwita ndugu yangu. Alimwita Ruti shemeji. Watoto wawili walibandika maua ya karatasi kwenye vioo vya pembeni.

Mchungaji, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya kujiamini, aliomba utulivu. Alisema maneno machache kuhusu vyombo vya usafiri na baraka. Kisha akamgeukia Osea.

"Ndugu yetu umetoka mbali kwa amani. Mbele ya Mungu na mbele ya hawa, chombo hiki kina neno?"

Osea alikuwa ameushika ufunguo kwa vidole viwili. Alitazama vifundo vya kamba za viatu vya mchungaji.

"Halina neno," alisema.

"Lina neno," Ruti alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini uwanja mzima ulisikia. Osea alimgeukia. Ruti alikuwa amepiga hatua moja mbele na kusimama peke yake, mikono imeshika pochi tumboni.

"Hili ni moja ya yale yaliyotangazwa redioni. Likigonga, usukani unapasuka, chuma kinamuingia dereva. Kijana wangu alikuwa analiendesha, nikamkataza. Ndiyo sababu tumeliuza. Hakuna sababu nyingine. Kama mtataka hela zenu, zipo nyumbani, hatujazigusa."

Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa pia kuondoka hapo kwa miguu. Mwanamke mmoja upande wa sufuria alifunika chungu kilichokuwa wazi.

Anyosisye alicheka, kicheko kifupi cha kumwondolea mgeni aibu.

"Shemeji, tulia," alisema. "Hilo tunalijua. Redio na huku zinashika."

Ruti alimtazama bila kuelewa.

"Idrisa aliniambia siku ile ile ya kwanza. Si ndiyo tukaikata bei? Gari zima, lisilo na ubovu, ningelipata kwa hela ile?" Alimgeukia Osea. "Ndugu yangu, hukumweleza mama?"

Kwa siku nne Osea alikuwa amejiona mwizi. Sasa aligundua kwamba alikuwa ameibiwa yeye, maana ubovu aliodhani ameuficha ulikuwa umeshakatwa kwenye bei yake, na uso wake ulionyesha hasira ambayo haikuwepo alipokuwa anasema uongo.

"Idrisa aliniambia hujui," alisema.

"Na mimi aliniambia wewe ndiye uliyeniteremshia bei kwa uaminifu wako." Anyosisye alicheka tena, na safari hii watu wachache walicheka naye. "Yule bwana anajua kazi yake."

"Kwa hiyo mnajua," Ruti alisema, "na mnalichukua."

"Shemeji, kosa ni la upande wa dereva. Abiria hawana shida, wameandika wenyewe. Kijana wangu hataligusa, nimeshamkataza kama wewe ulivyomkataza wa kwako. Mzazi ni mzazi. Nimeajiri dereva."

Alimnyooshea kidole mtu aliyekuwa amesimama karibu na ukuta wa kanisa, kama miaka thelathini na mitano, shati limepigwa pasi, viatu vimefutwa. Aliitwa Shadrack. Alikuwa amekuja mapema na alikuwa wa kwanza kulisafisha vumbi gari lilipofika.

"Na wewe umeambiwa?" Ruti alimuuliza.

"Nimesikia sasa hivi, mama," Shadrack alisema. "Pamoja na hawa."

Anyosisye alikuna shingo. "Ningemwambia. Tulikuwa bado hatujakaa tukaongea kazi." Kisha, kwa sauti ya chini iliyosikika hata hivyo: "Na kama hataki, leseni hapa wanazo wengi. Hao pale watatu."

Pale ukutani walikuwepo wengine watatu kweli. Mmoja wao alikuwa ameshasogea mbele nusu hatua.

"Usiendeshe," Ruti alimwambia Shadrack.

"Mama, una kazi ya kunipa?"

Ruti alikuwa na hela za Anyosisye chumbani, ndani ya begi la nguo. Alimtazama mumewe. Osea alikuwa bado anamfikiria Idrisa.

"Sina," alisema.

Mchungaji alikohoa. Alisema kwamba kwa kuwa neno limetajwa hadharani na pande zote zimelisikia, hakuna kilichofichwa, na kwa utaratibu gari liko huru. Alimshukuru mama kwa ukweli wake. Kisha akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti na kuomba, na watu wakaitikia amina. Osea alinyoosha ufunguo. Anyosisye aliupokea, akampa Shadrack, ambaye aliupokea kwa mikono miwili na kuinama kidogo.

Wanawake walianza kugawa wali.

"Lizungushe, tuone," Anyosisye alisema. "Mpaka barabarani. Ukipata mtu wa Tunduma, nenda naye. Gari lianze kazi leo leo."

Shadrack alifungua mlango. Kabla hajakaa alimgeukia Osea na kuuliza jambo moja tu.

"Mzee, kiti kinarudi nyuma mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho," Osea alisema. "Kuna kishikio hapo chini."

Shadrack alikaa, akavuta kishikio, akasukuma kwa miguu. Kiti kilirudi kidogo kikakwama. Alisukuma tena. Akainama, akapapasa chini, akatoa kitu kilichokuwa kimezuia. Kilikuwa mto wa kochi, na kitambaa chake cheupe cha kufuma kilikuwa kimepata grisi pembeni.

Aliushika mbele yake. Waliokuwa karibu waliutazama mto, kisha wakamtazama Osea. Mtu mmoja alicheka, mwingine akafuata, na kicheko kikapita mpaka kwenye sufuria, kwa watu ambao hawakuwa wameona kinachochekwa. Osea alifuta kitu kwenye shati lake, mahali pasipokuwa na kitu.

Shadrack hakucheka. Alitoa mto nje ya dirisha.

"Mama, mmesahau mto wenu."

Ruti alisogea. Aliugusa, akaikunja ncha ya kitambaa iliyokuwa imefumuka.

"Kaa nao," alisema.

Shadrack aliuweka kifuani, akavuta mkanda juu yake. Akasukuma kiti mpaka mwisho, mikono ikanyooka, vidole vikafika usukani kwa ncha. Alipowasha injini, mchungaji alitoka mbele ya gari akasimama pembeni. Gari lilitoka uwanjani taratibu, maua ya karatasi yakitikisika kwenye vioo.

Barabarani, mbele ya ghala la ufuta, mtu mmoja mwenye kiroba aliinua mkono. Gari likasimama. Mtu huyo alifungua mlango wa mbele, akamtazama Shadrack na mto wake, akaufunga. Akafungua wa nyuma, akapanda.